Neno Moja, Sura Mbili

Tuseme jamaa moja imefika Kampene jioni, mizigo kichwani, ikitoka katika kijiji kilichochomwa. Mama mmoja anasema, "Tumepata wageni." Kijana anasema, "Wakimbizi tena!" Mzee anasema, "Mzigo mwingine huo." Watu wanaosemwa ni wale wale, lakini kila neno linamwandalia msikilizaji moyo tofauti. Wa kwanza atatafuta maji ya kuwapa. Wa mwisho atafunga mlango.

Maana na hisia

Kila neno lina maana yake, na juu ya maana hiyo limebeba hisia: heshima, huruma, woga au dharau. Mtu asiyesema mengi, rafiki yake anamwita "mpole" na adui yake anamwita "mjinga". Asiyetapanya fedha anaitwa "mwangalifu" au "bahili".

Neno "mgeni" lina sura zote mbili. Wazee wetu husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Husema pia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii ya pili si tusi: anayepewa jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Lakini mtu akiambiwa kisimani, "Wewe ni mgeni, huna neno hapa," neno lile lile limekuwa ukuta.

"Mkimbizi" nalo linahitaji uangalifu. Kisheria, mkimbizi ni yule aliyevuka mpaka wa nchi yake. Mkongomani aliyehamia Kampene kutoka sehemu nyingine ya Kongo ni mhamishwa wa ndani. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 na Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009 zinasema kwamba mtu huyo anabaki na haki zote za raia. Tukizoea kumwita mkimbizi, tunaweza kusahau kwamba hii ni nchi yake pia.

Historia inatufundisha

Maniema inajua jambo hili tangu zamani. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa pwani walipokaa Nyangwe na Kasongo, watu waliofuata desturi zao walijiita "waungwana", na wengine wakaitwa "washenzi". Lugha yetu ya Kingwana ilipata jina lake hapo. Hata leo "mshenzi" ni tusi linaloweza kuleta ugomvi.

Mfano wa Katanga ni mchungu zaidi. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa Katanga, waliitwa "bilulu", yaani wadudu. Mdudu hana jina wala mama, na hakuna anayeona haya kumfukuza. Mamia ya maelfu walifukuzwa. Wengi walilala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na wengine walikufa. Neno halikushika panga, lakini lilitangulia mbele.

Tufanye nini?

• Anza na "mtu". Badala ya kusema "huyu ni Mai-Mai", sema "kijana huyu alikuwa katika kikundi cha silaha, sasa amerudi." Maneno ya kwanza yanamfunga, ya pili yanampa njia.
• Usimpe mama aliyebakwa jina la waliomtendea ubaya. Mwite kwa jina lake mwenyewe.
• Uliza wenyewe wanapenda kuitwa nani. Wengine watasema "majirani" au "watu wa Pangi".
• Kiongozi, sema tatizo bila kutaja kabila. "Maji hayatoshi, tupange zamu" linafaa kuliko "hawa wamemaliza maji yetu".
• Ukisikia watu wanaitwa wadudu, nyoka au uchafu, usicheke wala usinyamaze. Hiyo ni dalili ya hatari.

Kubadilisha neno peke yake hakujazi chungu wala hakurudishi shamba. Lakini watu wanaoitana vizuri wanaweza kukaa chini pamoja na kuzungumza juu ya chungu na shamba.

Maswali ya kuzungumzia pamoja

1. Ni maneno gani tunayotumia hapa kwa waliohamia kwetu? Na wao wanatuitaje?
2. Ni neno gani lililokuumiza wewe mwenyewe? Ungependa waseme nini mahali pake?
3. Ni neno gani moja tunaloweza kuliacha kuanzia leo?