Namna ya kufunga reli za droo kwenye kabati yenye fremu

Daftari la makuta, risiti za wanamemba na pakiti za mbegu vinahitaji droo inayofungika vizuri. Droo ikikwama, mtunza hazina anaacha makaratasi mezani. Panya na unyevu vinafanya kazi yao, na siku ya mkutano mkuu hakuna wa kuhakikisha hesabu. Mara nyingi shida siyo mbao. Ni reli zilizofungwa vibaya.

Shida iko wapi?

Kabati nyingi tunazozikuta kwenye biro za koperative zina fremu ya mbao mbele. Fremu hiyo inatokeza ndani kupita ubavu wa kabati. Ukifunga reli moja kwa moja ubavuni, inajificha nyuma ya fremu, na droo haitoke.

Tufanye namna gani?

1. Nunueni reli kwanza, kisha ndipo fundi akate mbao za droo. Reli nyingi za chuma za kufunga ubavuni zinataka nafasi ya 13 mm hivi kila upande, pimeni zenu. Uwazi wa fremu ukiwa 400 mm, upana wa nje wa droo ni 400 − 26 = 374 mm. Droo nyembamba kidogo inasaidiwa na karatasi ngumu nyuma ya reli. Ile iliyo pana inabidi kufumuliwa.

2. Pimeni fremu imetokeza ngapi. Kama ni 20 mm, fungeni ubavuni ubao wa unene wa 20 mm, kushoto na kuume, mpaka ulingane na ukingo wa fremu. Mbao iwe kavu: ile mbichi inajikunja ikikauka.

3. Kateni kijiti kimoja cha kipimo na kukisimamisha chini ya kila reli, mbele na nyuma. Hivyo zote mbili zitakuwa sawa. Musitegemee macho.

4. Kama uso wa droo unafunika fremu, rudisheni reli nyuma 2 ao 3 mm. Kama unaingia ndani ya fremu, rudisheni kadiri ya unene wa uso huo.

5. Anzeni na visi za tundu ndefu, juu zinaruhusu kusogeza reli. Droo ikienda vizuri, kazeni na zile za tundu za duara.

Mbele ya kulipa fundi, jazeni droo daftari zote, muivute mpaka mwisho na kuirudisha mara nyingi. Droo tupu inadanganya.