Jezi Baadaye, Tuanze na Miguu

Ligi ya madarasa ikikaribia, magrupu ya WhatsApp yanachemka kwa jambo moja tu: jezi. Rangi gani, namba gani, jina mgongoni liandikweje. Wapo wanaotaka nyekundu kwa sababu ya Simba, na wapo wanaoapa hawavai kitu kisicho na kijani na njano. Boom likitoka, mchango unapitishwa na fundi wa kuchapa anapigiwa simu. Siku ya mechi timu inaingia imependeza kweli. Ila ukiangalia chini, mmoja kavaa raba za kuendea lekcha, mwingine njumu za kuazima zinazombana, na kinga za ugoko hakuna hata mmoja aliyenazo.

Hoja yangu ni fupi: hela ya timu ianzie chini kwenda juu. Viatu na kinga kwanza, soksi zifuate, jezi mwisho. Tunaosoma mambo ya afya hapa Ifakara tunajua vizuri kwamba anayeumia goti Jumamosi hasubiriwi na mzunguko wa wodi Jumatatu.

Tuanze na sheria. Sheria ya 4 ya soka inamtaka mchezaji awe na vitu vitano: jezi yenye mikono, bukta, soksi, kinga za ugoko na viatu. Jina mgongoni halimo. Rangi inahitajika ili timu mbili na waamuzi watofautiane, na kipa awe na yake. Pete, hereni na bangili zinavuliwa. Kuzifunika kwa plasta hairuhusiwi. Kwa hiyo fulana za rangi moja zilizochapwa namba zinatosha kabisa, lakini mchezaji asiye na kinga hajatimiza sheria hata jezi yake ingekuwa mpya namna gani.

Kuna wanaosema, "Mbona sisi tumekua tukicheza peku?" Ni kweli, na Abebe Bikila alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 akiwa peku. Lakini Bikila hakuwa na beki wa kumkanyaga. Peku kwa peku kuna usawa fulani. Peku dhidi ya njumu ni kutafuta kidonda.

Sasa viatu. Kosa kubwa ni kuchagua kwa rangi au kwa jina la mchezaji wa Ulaya, wakati cha kuangalia ni ardhi. Bonde la Kilombero linatupa viwanja viwili ndani ya kimoja. Kuanzia Juni hadi Oktoba ardhi inakauka na kuwa ngumu kama sakafu. Machi na Aprili, mvua zikikolea, udongo uleule unashika maji na kugeuka tope. Angalia herufi kwenye boksi, au chini ya kiatu kama zimeandikwa. SG ni kwa uwanja laini: meno marefu, mara nyingi ya chuma. FG ni kwa uwanja wa nyasi ulioshikana: meno ya wastani yaliyoungana na soli. TF ina vijino vingi vidogo vya mpira.

Ukivaa SG kiangazi, meno hayazami. Unasimama juu yake kama umesimama juu ya misumari, na nyayo zinawaka moto kabla ya mapumziko. TF ni nzuri kwa ardhi kavu, ila kwenye tope vijino vinajaa udongo na unateleza. Kama mfuko unaruhusu jozi moja tu, chukua FG yenye meno mafupi, mengi, ya duara. Meno ya duara huruhusu mguu kuzunguka. Yale bapa kama kisu hushika zaidi. Goti huumia hivi: unyayo umenasa chini, mwili umeshageuka, kano ya katikati ya goti inakatika. Kwenye soka, wanawake hupata jeraha hili mara 2 hadi 3 zaidi ya wanaume, kwa hiyo timu ya akina dada isiwe ya mwisho kupewa viatu.

Wachezaji wa netiboli nao wasisahauliwe. Sheria ya hatua inamlazimisha aliyedaka mpira kusimama ghafla na kuzungukia mguu mmoja. Anahitaji raba yenye soli bapa inayoshika na kisigino kinachobana vizuri. Raba za kukimbilia zenye kisigino kinene na laini humwangusha kirahisi kwenye kifundo.

Wengi wetu tunanunua mtumba, na hakuna aibu hapo. Lakini kagua. Kunja kiatu sehemu ya vidole: kikijikunjia katikati, soli imechoka. Bonyeza kingo kwa kidole gumba uone kama gundi inaachia. Kiatu kilichokaa miaka stoo kinaweza kuonekana kipya, kumbe povu la ndani limeoza kwa unyevu. Dakika kumi za mechi, soli inabaki uwanjani. Kama kiatu ni kizima, mpelekee fundi akishone soli kuzunguka. Jaribu jioni, miguu ikiwa imetanuka kidogo, ukiwa na soksi utakazochezea. Mbele ya dole refu ibaki nafasi ya kama sentimita moja.

Kinga za ugoko zifunike sehemu kubwa ya mfupa wa mbele na zisizunguke ukikimbia. Kipande cha boksi ndani ya soksi kinalowa jasho na kulainika, hakizuii teke.

Tukifika kwenye jezi, kumbuka joto letu. Pamba hunyonya jasho ikawa nzito. Polista nyepesi yenye matundu hukauka haraka. Ile nzito inayong'aa inakupika. Kwa mechi za saa 8 mchana, rangi hafifu ni bora kuliko nyeusi.

Hesabu ifanywe hivi. Tuseme wachezaji 20 wamechanga 15,000 kila mmoja: mnazo 300,000. Kabla ya kumpigia fundi wa kuchapa, orodhesheni nani hana viatu na nani hana kinga, mkaulize bei, mzitoe kwanza. Kinachobaki ndicho cha jezi. Kikiwa kidogo, majina yaache, chapeni namba tu.

Viatu na kinga zilizonunuliwa kwa mchango ziwe za sanduku la timu, zipate mtunzaji anayesaini nani kachukua nini. Soksi kila mtu na zake, maana fangasi haina undugu. Baada ya mechi, piga tope, jaza magazeti ndani, anika kivulini. Jua kali na jiko huua gundi. Anayehitimu anaacha viatu vyake sandukuni kama bado ni vizima. Kwa njia hiyo, kijana wa mwaka wa kwanza aliyeingia na begi moja tu naye atacheza, badala ya kushika maji pembeni kwa sababu hana njumu.