Motokaa ya Kulala Safarini

Wanafunzi wenzangu, wa zamani na wa sasa, wengi mmeniuliza habari za motokaa yangu ya kulala safarini. Ni Toyota HiAce iliyokwisha kutumika. Viti vya nyuma vimetolewa, na mafundi wa hapa Katwe wamenichomelea kitanda cha chuma na sanduku la vyombo. Kwa gari kama hili, mtu aweza kwenda Murchison Falls au Ziwa Mburo, akalipa kiwanja badala ya chumba, akalala kwake.

Lakini yataka akili. Kwanza, uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi tangi la lita 60 ni kama kubeba mtu mzima. Lisiwekwe juu ya paa, maana gari lenye mzigo juu hupinduka upesi penye kona. Liwe chini, katikati ya magurudumu. Pili, taa za ndani ziwe na betri yake, ili asubuhi injini iwake.

Tatu, na hili ndilo kubwa: jiko la makaa, yaani sigiri. Katwe hutengeneza sigiri nzuri, na usiku wa Kabale una baridi kali, hata mtu hutamani kuiingiza ndani apate joto. Msithubutu! Makaa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Humwua mtu usingizini, hata kama moto umefifia. Sigiri ibaki nje, dirisha liwe wazi kidogo, nanyi chukueni blanketi la pili.

Safari njema.