Banda Dogo, Mashine Zisogee

Seremala wa Kiegeani, kisiwani Mafia, akijenga banda la futi 12 kwa 16, akaingiza mashine ya kuranda, msumeno wa meza na msumeno wa mkanda, mwanzoni ataona nafasi inatosha. Mashine zote tatu zimeingia na mtu anapita. Taabu huanza ubao unapopita. Ubao wa futi 12 unataka futi 12 kabla ya kisu na futi 12 baada yake. Ukijumlisha na mwili wa mashine zinafika kama futi 27 zilizonyooka, na banda zima halina urefu huo. Kwa hiyo kinachokosekana ni njia ya mbao, na njia hiyo haiwezi kutengwa kwa kila mashine. Iwe moja, ielekee mlangoni, mashine zipokezane: yenye kazi ije karibu na mlango ubao utokee uani, nyingine zirudi ukutani. Hapo futi 16 za ndani zinatosha. Ndiyo maana nasema mashine nzito kwenye banda dogo iwekewe magurudumu tangu siku inaponunuliwa, kabla haijafungwa boliti sakafuni.

Upepo nao unadai hivyo hivyo. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Karakana nyingi ndogo hazina mtambo wa kufyonza vumbi, lakini pwani yetu ina pepo za kaskazi na kusi, na majira yake yanajulikana. Banda liwe na milango miwili, wa kaskazini na wa kusini. Kusi inapovuma, mashine ikae mlango wa kaskazini, fundi asimame upande upepo unakotoka, vumbi litoke nje bila kumpitia usoni. Kaskazi ikirudi, mashine ihamie mlango wa pili. Iliyofungwa boliti kwenye kona itamlisha fundi vumbi nusu mwaka, na barakoa ya kitambaa haizuii chembe zilizo laini kabisa.

Wapo mafundi watakaopinga, na hoja yao ni nzito: mashine inayokata haipaswi kutikisika hata kidogo. Ni kweli. Msumeno ukicheza, ubao hurudi nyuma kwa nguvu, na vidole huenda nao. Breki ya gurudumu peke yake haitoshi, kwa sababu inazuia gurudumu lisizunguke lakini haiondoi mchezo kwenye ekseli na mpira. Gurudumu libebe mashine wakati wa kuhama tu. Wakati wa kazi uzito urudi kwenye miguu ya chuma. Kwa mashine fupi na pana, njia rahisi ni kuchomelea magurudumu mawili nyuma ya fremu, yakae juu ya sakafu kwa unene wa gazeti lililokunjwa. Mashine ikisimama, hayagusi chini. Fundi akiinua mbele kwa mtaimbo, nyuma inalalia magurudumu na mashine inasogea. Akishusha, miguu yote minne inakanyaga. Msumeno wa mkanda usiinuliwe hivyo, kwa kuwa uzito wake uko juu na ni mwepesi wa kupinduka. Huo utengenezewe fremu pana ya angalaini, yenye kanyagio la kushusha magurudumu yote kwa pamoja, na usukumwe kwa kushikwa chini.

Kuhusu uwezo wa magurudumu, fremu ikiwa na manne, wengi hugawanya uzito kwa manne na kukosea. Sakafu haiko sawa, hivyo muda mwingi matatu ndiyo yanayobeba. Mashine ya kilo 240 inahitaji magurudumu ambayo kila moja linahimili kilo 80 au zaidi. Yawe makubwa kiasi, maana madogo hukwama kwenye kila ufa. Ardhi ya mchanga haitayapokea kabisa, na asiyeweza kumwaga zege banda zima amwage ukanda wa ile njia ya mbao na sehemu za kuegeshea. Hewa ya chumvi hula beringi upesi, kwa hiyo grisi iwe desturi. Anayekosa vyote hivyo bado ana jeki na vipande vya bomba la chuma vya kuviringisha chini; vyombo vizito kuliko msumeno wowote vimekuwa vikishuliwa pwani hii juu ya magogo.

Sidai kwamba kila mashine ihame. Mashine ndefu ya kukereza chuma ikisogezwa hovyo, kitanda chake kinaweza kujipinda na kazi ikatoka si sahihi. Hiyo ibaki palepale. Inayohama, ikiwa ya umeme, ichomolewe kabla ya kusukumwa, na waya wake uwe mnene wa kutosha, wenye kiini cha ardhi, usipite pale magurudumu yanapopita.

Inabaki gharama, na hapa lawama haimhusu fundi peke yake. Vikundi vinavyokopa kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo huorodhesha mota na misumeno. Fremu na magurudumu vingeandikwa kwenye andiko hilohilo, fundi angechomelea mara moja mashine ingali mpya, badala ya kusubiri faida huku akirandia nje juani ubao ambao bandani haugeuki.