Mwenye Seva Akiamua Kubeba Timu

Shabiki wa soka akilalamika kwamba timu fulani inabebwa, anayetuhumiwa ni refa, na refa naye ana wakubwa wake: kuna kamati, kuna marudio ya video, kuna rufaa. Kwenye gemu za mtandaoni hali ni tofauti. Kampuni iliyotengeneza gemu ndiyo iliyotunga sheria, ndiyo yenye uwanja, ndiyo inayochezesha, na rufaa ikikatwa inarudi mezani kwake.

Tuanze na upande wa kiufundi, maana ndiko mzizi uliko. Kila anachomiliki mchezaji ndani ya gemu, iwe bunduki, ardhi au jeshi zima, ni mstari katika hifadhidata iliyo kwenye seva ya kampuni. Mchezaji wa kawaida anautolea jasho mstari huo kwa wiki au miezi. Mfanyakazi mwenye ruhusa ya kuandika kwenye hifadhidata anaweza kuuongeza kwa amri moja. Mpinzani wake hatajua kitu, kwa sababu kumbukumbu za seva zinasomwa na kampuni peke yake. Ndiyo maana kampuni kusema "sisi hatupendelei mtu" hakutoshi, hata kama ni kweli.

Kisa kinachofundisha zaidi, kwa maoni yangu, ni cha EVE Online, gemu ya vita na biashara za angani iliyozinduliwa Mei 2003 na kampuni ya CCP ya Reykjavík, Iceland. Gemu nyingi huwagawa wachezaji kwenye seva tofauti tofauti. EVE imewaweka karibu wote katika ulimwengu mmoja, kwa hiyo upendeleo ukitokea pembe moja, bei na vita huyumba kila mahali.

Meli na silaha za EVE hutengenezwa na wachezaji wenyewe kwa kufuata michoro. Nakala ya mchoro huisha ikishatumika idadi fulani ya mara; mchoro halisi hauishi. Kwa miaka kadhaa, michoro halisi ya vifaa vya daraja la pili ilipatikana kwa bahati nasibu tu, na aliyebahatika alikuwa na kipato cha kudumu. Mwanzoni mwa 2007 ikabainika kwamba mfanyakazi mmoja wa CCP, aliyejulikana kwa jina la mtandaoni t20, alikuwa amejipatia michoro halisi 6 isivyo halali. Alikuwa mwanachama wa Band of Brothers, muungano uliokuwa ukitamba wakati huo. Mwenyewe alikiri. Mchezaji aliyeanika mambo hayo, baada ya kudukua jukwaa la ndani la muungano, alifungiwa akaunti. Mfanyakazi hakufukuzwa wakati ule. Unaweza kukisia wachezaji walivyolipokea hilo.

Sidhani kama michoro 6 ndiyo iliyowapa Band of Brothers ubabe wao. Muungano ule ulikuwa na makamanda wazuri, nidhamu na fedha. Lakini kuanzia siku hiyo hakuna aliyeweza kuwashawishi wapinzani wao kwamba walishinda kihalali, na walioumia zaidi walikuwa wanachama wa kawaida waliokesha wakilinda mipaka bila kujua kama kuna mchoro wa magendo. Kila aliyepigwa alikuwa na sababu ya kusema amedhulumiwa, na kampuni haikuwa na cha kumjibu zaidi ya "tuamini."

CCP ilifanya mambo mawili. Kwanza iliunda kitengo cha ndani cha kuwachunguza wafanyakazi wake. Hilo ni la lazima, ila bado ni kampuni kujichunguza yenyewe. La pili ndilo jipya: baraza la wachezaji waliochaguliwa kwa kura, Council of Stellar Management. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika 2008, wajumbe 9 wakapatikana, wakasafirishwa hadi Reykjavík kukaa na watengenezaji, na kumbukumbu za vikao zikachapishwa kila mtu asome.

Baraza hilo halina mamlaka ya kuamua, ni la ushauri. Hata hivyo Juni 2011, kampuni ilipoanza kuuza miwani ya jicho moja ya kumvisha mhusika ndani ya gemu kwa dola zaidi ya 60 za kweli, na waraka wa ndani kuhusu kuuza vitu zaidi ukavuja, wachezaji walihofu kwamba kesho zitauzwa na risasi zenye nguvu kuliko za wengine. Wakakusanyika Jita, soko kuu la gemu, wakaimiminia risasi sanamu isiyoweza kubomolewa. Baraza likaitwa Reykjavík kwa dharura, na Oktoba mwaka huo mkurugenzi mkuu akaandika barua ya kuomba radhi. Ushauri nao una uzito wake, mradi washauri wana watu nyuma yao.

Una mipaka pia. Ili mjumbe aonyeshwe mipango ya kampuni, ni lazima aahidi kutunza siri, na siri hizo ni mali: anayejua mapema kitakachobadilishwa anaweza kununua kabla bei haijapanda. Aprili 2019 CCP ilimvua mjumbe mmoja nafasi yake na kumfungia kwa madai ya kuvujisha siri. Baadaye mwezi huo huo ikasema uchunguzi zaidi haukukuta ushahidi, ikamsafisha na kumwomba radhi. Aliyemhukumu hadharani ndiye aliyekuwa na ushahidi wote mkononi tangu mwanzo.

Kwa hiyo mimi huwa natazama zaidi haki iliyojengwa ndani ya mashine kuliko ile ya ahadi. Kwenye EVE ipo. Zamani vita vikubwa vilipoilemea seva, amri za wachezaji zilikwama ovyo, na bahati ilikuwa ya waliotangulia kuingia uwanjani. Tangu 2012 seva ikilemewa hupunguza mwendo wa saa kwa kila aliyemo katika mfumo wa nyota wenye vita, hadi asilimia 10 ya kasi ya kawaida. Vita vya B-R5RB vya Januari 2014 vilikwenda takriban saa 21 kwa mwendo huo wa kobe, vikihusisha wachezaji zaidi ya 7,000. Ilichosha, lakini ilichosha pande zote.

Isitoshe, seva ya EVE hutekeleza amri kwa mapigo ya sekunde moja moja, hivyo mchezaji wa Dar es Salaam hayuko nyuma sana ya mwenzake anayeishi London, seva iliko. Gemu za kulenga na kufyatua hazina uvumilivu huo. Valorant, kwa mfano, hupiga mara 128 kwa sekunde. Mwenye ucheleweshaji wa milisekunde 150 yuko nyuma kwa mapigo 19 hivi. Programu hujaribu kuufidia umbali, lakini haiwezi kuufuta. Hakuna mfanyakazi aliyejiandikia mchoro hapo, wala kumbukumbu za kuchunguza. Ni uamuzi tu wa kibiashara kuhusu mji gani uwekewe seva. Fainali kubwa huchezewa ukumbini, kompyuta zote zikiwa zimeunganishwa na seva iliyo hapo hapo. Michujo ya kufika huko, mara nyingi, huchezwa kila mtu akiwa kwake.