Moshi wa Umeme na Dhamana ya Mwenye Mtambo

Hapa Kindu hapana mtambo wa umeme uchomao makaa ya mawe, na umeme wenyewe ni adimu, hata mtu akizungumza habari za moshi wake huonekana amewahi mno. Walakini makaa hayo hayako mbali nasi: reli yetu ya kusini hufika hatimaye Kalemie, kwenye bonde la Lukuga, ambako yalichimbwa zama za Wabelgiji, na nchi yenye kiu ya umeme haikosi siku moja kuyakumbuka. Basi yafaa tujue mapema moshi huo humfanya nini binadamu, na nani hubeba dhamana ya madhara yake.

Makaa ya mawe yaunguapo hutoa gesi za salfa na za naitrojeni, ambazo hewani hugeuka kuwa chembe za tindikali. Hutoa zebaki, na huacha jivu lenye risasi na aseniki. Lililo baya zaidi ni vumbi jembamba, ambalo chembe yake haizidi maikromita 2.5, takriban sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Vumbi nene huzuiliwa na pua na koo, tukalikohoa tukalitema; hili hupenya mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya pafu, pale hewa ikutanapo na damu, na baadhi yake huingia katika damu yenyewe. Ndiyo maana, mbali na pumu na saratani ya mapafu, huleta pia kiharusi na maradhi ya moyo, ambayo aghalabu hakuna ayadhaniaye kuwa yametokana na moshi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kikomo cha vumbi hilo kwa wastani wa mwaka kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo. Na kwa kuwa chembe hizo husafiri mamia ya kilomita, bomba refu hupunguza malalamiko ya jirani na kumfikia mgonjwa wa mbali.

Hapo ndipo penye ugumu wa sheria, maana pafu la mgonjwa halina muhuri wa mtambo uliolidhuru. Huko Afrika Kusini, katika uwanda wa Mpumalanga wenye mitambo mingi ya shirika la Eskom, jumuiya mbili za raia, groundWork na Vukani, zilikwepa mtego huo: hazikuhangaika kuthibitisha ugonjwa wa fulani na fulani, bali zilidai kwamba hewa yenyewe imevunja haki iliyomo katika katiba. Tarehe 18 Machi 2022 Mahakama Kuu ya Pretoria ilikubali. Hukumu njema, ila ilikuja zaidi ya miaka 14 baada ya serikali yenyewe kuutangaza uwanda huo kuwa eneo la kushughulikiwa kwa sababu ya uchafu wa hewa.

Mimi napenda zaidi kesi ya Lamu, ambako shauri lilitangulia bomba. Mtambo wa makaa wa megawati 1,050 ulikwisha kupata leseni mwaka 2016; wenyeji wakashtaki, na tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Taifa la Mazingira la Kenya likaifuta, kwa sababu mojawapo kwamba watu hawakushirikishwa ipasavyo: waliitwa mikutanoni bila kuwekewa mbele utafiti wa madhara.

Nasi tunayo silaha. Kifungu cha 53 cha Katiba yetu ya Kongo humpa kila mtu haki ya mazingira salama, cha 54 chasema uchafuzi utokanao na shughuli za kiuchumi hudai fidia au matengenezo, na sheria ya mazingira ya 9 Julai 2011 yataka utafiti kabla ya mradi. Wala hatuna haja ya kungoja makaa ya Lukuga. Jenereta za mazuti zinanguruma jioni, bomba limeelekezwa kichochoroni, usawa wa uso wa mama auzaye chikwange. Na moshi wa mazuti umehesabiwa tangu 2012, na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, kuwa huleta saratani. Bomba hilo laweza kugeuzwa na kuinuliwa juu ya paa kwa kazi ya siku moja. Ama mitambo mikubwa, utafiti wake huandikwa kwa Kifaransa cha wataalamu. Raia wadai usomwe kwa Kiswahili, hadharani, kabla ya sahihi ya kwanza.