Mzigo Mwepesi Uliounguza Amplifaya

Wanaopanda matatu kutoka Nakuru kwenda Naivasha wanaijua besi inayotetemesha kifua. Nami niliitamani garini mwangu. Nilikuwa na amplifaya ambayo kijitabu chake kilikataza ukinzani ulio chini ya omu 4, pamoja na spika moja ya besi ya omu 4. Nikanunua ya pili mfano wake, nikaziunga sambamba. Kabla sijafika Gilgil, harufu ya kuungua ilijaa gari zima.

Kosa lilikuwa la lugha. Fundi aliwahi kuniambia kwamba spika ni "mzigo" wa amplifaya, nami, mwalimu wa isimu (aibu iliyoje!), nikadhani omu chache ni mzigo mwepesi. Kumbe sivyo. Spika mbili za omu 4 zikiungwa sambamba huwa omu 2. Ukinzani ukishuka, mkondo wa umeme hupanda, na amplifaya huelemewa. Zikiungwa kwa mfululizo huwa omu 8: nguvu hupungua, lakini chombo husalimika.

Darasani tunafundisha "ukinzani". Gereji husema "mzigo". Ni nani amemwambia mwanafunzi kwamba kimoja kikishuka, kingine huzidi uzito?

Amplifaya mpya nimeiunga kwa mfululizo. Besi ni ya upole, na wanangu wananicheka.